Muratina ya Juja na sheria isiyotofautisha asali na sumu

Kila serikali inapotangaza vita dhidi ya pombe haramu katika eneo la Kati, picha zinazoandamana na tangazo hilo huwa ni zile zile. Chifu na maafisa wa polisi humwaga mapipa mtaroni, umati hutazama kwa mbali, na mapipa matupu hutobolewa yasije yakatumika tena. Kinachomwagwa hakiulizwi jina. Huenda ikawa ni chang'aa. Huenda ikawa ni ethanoli ya kiwandani iliyotiwa rangi na kubandikwa nembo bandia. Na huenda ikawa ni muratina, pombe ya asali ambayo wazee wa Agikuyu waliitumia kwa posa na kwa baraka tangu kabla ya reli kufika bara.

Vitu hivyo vitatu havifanani kwa asili, kwa bei wala kwa hatari. Hata hivyo, katika ukanda wa Ruiru, Juja na Thika vimekuwa vikitiwa katika kapu moja kwa miaka mingi, na kutokana na kapu hilo sera nzima ya vileo imekuwa ikiyumba. Anayekamatwa kwa urahisi ni mwenye mtungi wa asali jikoni, kwa kuwa pombe yake huchukua siku kadhaa kuiva na harufu yake haifichiki. Anayeponyoka ni mwenye ngoma za kemikali, ambaye huchanganya usiku mmoja, akapakia kwenye chupa na kuondoka na gari kabla ya mapambazuko.

Ili kuelewa tofauti hiyo ni muhimu kujua muratina hutengenezwa vipi. Asali safi haichachi. Maji yaliyomo ndani yake ni chini ya sehemu moja kwa tano, nayo ina tindikali kidogo, hivyo hamira haiwezi kuishi humo. Ndiyo maana asali iliyovunwa vizuri hudumu kabatini kwa miaka. Ikiongezwa maji ya kutosha, mambo hubadilika: sukari inalegea, hamira inapata pumzi, na kazi ya kuigeuza sukari kuwa kileo na gesi inaanza.

Hamira hiyo wazee hawakuinunua dukani. Waliipata katika tunda la mti ambao kinywaji chenyewe kimerithi jina lake, yaani muratina, ambao kwa Kiswahili hujulikana kama mvungunya. Ni tunda refu lenye umbo la soseji, zito, linaloning'inia kwa kamba ndefu kwenye miti iliyo kando ya mito. Likiwa bichi halifai kuliwa. Hukatwa, hukaushwa juani, huchemshwa ili kuondoa uchungu, kisha hutiwa katika pombe iliyokwisha kuchacha na kukaushwa tena. Nyuzi zake zinazofanana na sifongo hubaki na mbegu za hamira, na tunda moja likitunzwa vyema huweza kutumika kwa mitungi mingi. Kaya iliyokuwa na matunda mazuri ya muratina ilikuwa na mali, na jirani alikuja kuyaazima kama anavyoazima jembe.

Maji ya uvuguvugu yenye asali hutiwa kwenye kibuyu au mtungi, matunda yakaongezwa, chombo kikawekwa karibu na meko pasipo na baridi. Penye juisi ya miwa, pombe huwa tayari kwa siku moja hadi tatu. Asali tupu huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu ina upungufu wa nitrojeni ambayo hamira huihitaji ili kuzaana. Wazee hawakulijua neno nitrojeni, lakini walijua kwamba asali peke yake ni mvivu na kwamba miwa huiamsha. Kwa hiyo tangu zamani muratina ilikuwa na sura mbili: ya asali kwa shughuli kubwa, na ya miwa, au miwa na asali, kwa siku za kawaida.

Ikumbukwe pia kwamba haikuwa pombe ya kila mtu. Vijana wa rika la ushujaa hawakuruhusiwa kuketi penye pembe ya kunywea. Kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, kilichochapishwa mwaka 1938, kinaeleza jinsi pombe ilivyohusishwa na hatua za posa na ndoa. Bila pombe mazungumzo ya ruracio yalikuwa hayajafunguliwa rasmi, na mzee aliyebariki alimwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Wamishonari walipoingia waliikataza kwa waumini wao, na hadi leo familia nyingi za kanisa hufanya ruracio kwa uji na soda. Nyingine hufanya yote mawili: uji sebuleni, kibuyu nyuma ya nyumba.

Juja ya leo si ile ya mizinga ya magogo. Mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yamegeuka ploti, na barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, imeifanya safari ya kwenda Nairobi kuwa fupi kiasi cha kuvuta maelfu ya wapangaji. Sensa ya 2019 iliipa Kaunti ya Kiambu watu 2,417,735, idadi iliyopitwa na Nairobi pekee. Kando ya barabara hiyo kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), na kuanzia Gachororo hadi Kalimoni majumba ya kukodisha yanawahifadhi wanafunzi. Wengi wa wakazi hawa hawana mzee wa kuwaamulia nani anywe na nani asinywe. Wana kiu, wana shilingi chache, na wana mtu jirani anayeuza.

Hapo ndipo muratina ilipobadilika kutoka kinywaji cha sherehe na kuwa biashara, na hapo ndipo panapofaa kufanywa hesabu ambayo viongozi wengi hawajaifanya.

Kilo moja ya asali ina takriban gramu 800 za sukari. Ili kupata kileo cha asilimia moja katika lita moja ya pombe, huhitajika takriban gramu 17 za sukari. Pombe yenye nguvu ya asilimia tano, sawa na bia nyingi za chupa, itahitaji basi gramu 85 kwa lita. Kwa kipimo hicho, kilo moja ya asali hutoa lita tisa na kidogo, na mtungi wa kawaida wa lita 20 huhitaji kilo mbili na ziada kidogo. Chukulia kwamba asali inanunuliwa kwa Sh800 kwa kilo. Mtungi huo utagharimu kama Sh1,700 kwa asali peke yake, kabla ya kuni, maji na jasho.

Sasa weka sukari ya dukani mahali pa asali. Kilo 1.7 za sukari hufanya kazi ile ile. Ikiwa kilo ni Sh150, mtungi mzima haufiki Sh260. Anayetaka kubakisha ladha na jina la asali anaweza kutia nusu kilo ya asali na kilo 1.3 za sukari, na gharama ikawa karibu Sh600. Hii ndiyo pombe ya asali ya bei nafuu ambayo mtu wa kipato cha chini anaweza kuipika nyumbani, na kwa hakika haina ubaya wowote ikiwa anayeinywa anajua kilichomo. Waingereza walisema mgema akisifiwa? La, ni sisi wenyewe tuliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa siku hizi hulitia sukari, na hilo si kosa la jinai.

Kosa huanza hatua inayofuata. Sukari inapopanda bei, au wateja wanapolalamika kwamba pombe haiwapandishi haraka, muuzaji hushawishika kuongeza kitu ambacho hakikuchacha mtungini mwake. Mara nyingi kitu hicho ni ethanoli ya viwandani. Mara chache, na hizi ndizo zinazoua, huwa ni methanoli.

Methanoli inafanana na ethanoli kwa macho na kwa pua, nayo huuzwa kihalali kwa ajili ya rangi, gundi na vimumunyisho vya viwandani. Mwilini hugeuka kuwa tindikali inayoshambulia mshipa wa macho. Kiasi cha vijiko viwili vya chai kinaweza kumpofusha mtu mzima, na kipimo kikubwa kuliko hicho kinaweza kumuua. Dalili huchelewa kwa saa nyingi, hivyo mnywaji hulala akidhani amelewa kama kawaida na kuamka gizani mchana.

Jambo ambalo halijasemwa kwa sauti ya kutosha ni kwamba kiasi hicho cha sumu hakiwezi kutoka katika asali. Methanoli inayotokana na uchachushaji huzalishwa na pektini, ile gundi ya kuta za seli za matunda. Asali na sukari hazina pektini ya kuhesabika. Tunda la muratina linaloingia mtungini limekwisha kukaushwa na kuchemshwa, na kazi yake ni kubeba hamira tu. Pombe iliyochachushwa nyumbani inaweza kuwa kali kuliko ilivyodhaniwa, inaweza kumwendesha mtu tumbo ikiwa maji yalikuwa machafu, na inaweza kubeba madini mabaya ikiwa ilihifadhiwa kwenye pipa la bati, kwa kuwa tindikali yake hula chuma. Mtungi wa plastiki uliowahi kubeba dawa ya mimea ni hatari zaidi. Haya yote ni madhara ya kweli. Lakini hakuna hata moja kati yake linaloua watu kwa makumi katika usiku mmoja.

Waliokufa kwa makumi walikufa kwa sababu nyingine. Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walifariki Nairobi, wengi wao katika mitaa ya mabanda ya Mukuru, baada ya kunywa kileo kilichotiwa methanoli. Juni 2005, takriban watu 50 walikufa Machakos. Mei 2014, vifo zaidi ya 80 viliripotiwa katika kaunti kadhaa, Embu, Kitui na Kiambu zikiwemo. Februari 2024, zaidi ya watu kumi walikufa katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Kisa hicho cha mwisho kilikuwa na kinaya chake: serikali yenyewe ilieleza kwamba pombe hiyo ilitokana na vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa katika kituo cha polisi cha Kiamaciri. Yaani sumu ilikuwa imekwisha kukamatwa, ikatoka tena.

Baada ya kila msiba, serikali imejibu kwa operesheni. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza wabunge wa Kati waongoze wananchi kuharibu vileo vilivyoitwa vya kizazi cha pili. Wabunge waliingia viwandani na kwenye mabaa na umati, na katika vijiji vingi mitungi ya wazee ikavunjwa pamoja na makreti ya chupa. Mwaka 2018, aliyekuwa gavana wa Kiambu, Bw Ferdinand Waititu, alianzisha mpango wa Kaa Sober uliowalipa waraibu Sh400 kwa siku kwa kazi za umma. Machi 2024, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Prof Kithure Kindiki, alisimamisha leseni za watengenezaji wa vileo vya kizazi cha pili ili wapigwe msasa upya, na kuagiza mabaa yaliyo katika makazi na karibu na shule yafungwe. Bw Rigathi Gachagua, kabla ya kutimuliwa wadhifani kama Naibu Rais Oktoba mwaka huo, alikuwa ameifanya vita hiyo kuwa ajenda yake kuu katika eneo la Kati.

Hasira iliyo nyuma ya hatua hizo haipaswi kubezwa. Kina mama wa Gatundu, Githunguri na Ruiru wameandamana mara kadhaa wakilalamika kwamba waume na wana wao wamegeuka vivuli. Mwajiri wa vibarua wa kahawa anajua ni wangapi hawafiki kazini Jumatatu. Kwa mama aliyeuziwa godoro na mwanawe ili apate ya kunywa, tofauti kati ya pombe iliyochachushwa na iliyokengeushwa haimletei godoro. Anayetetea muratina kwa hoja ya utamaduni pekee bila kumtazama mama huyo usoni anatetea nusu ya jambo.

Lakini ni hoja hiyo hiyo inayofaa kuwafanya watawala wawe makini zaidi wala si wakali zaidi. Operesheni inayomwaga kila kitu humwondolea mnywaji kinywaji kisicho na sumu na kumwacha na kile kinachoweza kufichwa. Pombe ya kuchacha ni nzito kusafirisha, huharibika kwa siku chache, na faida yake ni ndogo. Kileo kikali hubebwa mfukoni. Kadiri msako unavyozidi, ndivyo biashara inavyohama kutoka mtungi kwenda chupa ndogo. Marekani ilijifunza hivyo kati ya 1920 na 1933, ilipopiga marufuku vileo vyote: bia ilipungua, pombe kali ikatawala, na watu wakafa kwa ethanoli ya viwandani iliyotiwa methanoli kwa makusudi ili isinyweke.

Kenya ina historia yake yenyewe katika suala hili, na si ya kupendeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi lilijipa ukiritimba wa kuwauzia Waafrika pombe yao katika jumba la Pumwani, huku akina mama waliokuwa wakipika majumbani wakitozwa faini na kufungwa. Ni katika kipindi hicho hicho, mwaka 1922, Kenya Breweries ilianzishwa, ingawa Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kununua bia ya chupa hadi miaka ya 1940. Machifu walipewa mamlaka ya kukataza upikaji wa pombe katika maeneo yao, na mamlaka hayo yaliingia katika Sheria ya Machifu iliyorithiwa na taifa huru. Mwaka 1980 ikaja sheria iliyopiga marufuku chang'aa moja kwa moja. Marufuku hayo yalidumu miaka 30 bila kuimaliza chang'aa. Lililokua kwa hakika ni desturi ya kitu kidogo kinachopelekwa kila wiki kwa wanaopaswa kukamata.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, Bw John Mututho, ilikusudia kuondoa upofu huo. Iliifuta marufuku ya chang'aa na kusema: atakaye kutengeneza na apate leseni, afuate viwango, apakie kwenye chupa. Wengi huikumbuka kwa saa zake za kufungua baa, saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, lakini wazo lake kubwa lilikuwa kuhalalisha ili kudhibiti. Tatizo ni kwamba mlango iliyoufungua ulijengwa kwa kimo cha kampuni. Haikuchora mpaka wa lita kati ya mtungi wa sherehe na kiwanda. Mzee wa Gatuanyaga mwenye lita 20 na mwekezaji mwenye lita 200,000 wote waliambiwa waende wakaombe leseni.

Kisha kuna ushuru. Katika jedwali la Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015, pombe ya asali imetajwa waziwazi pamoja na bia. Tangu mabadiliko ya sheria za kodi ya Desemba 2024, vileo vya kundi hilo hutozwa kwa kipimo cha kileo halisi, Sh22.50 kwa kila sentilita. Lita moja ya muratina ya asilimia tano ina sentilita tano za kileo, hivyo inadaiwa Sh112.50. Kwa mtungi wa lita 20 ni Sh2,250. Linganisha na Sh1,700 za asali au Sh600 za asali na sukari katika hesabu ya hapo juu. Watengenezaji wadogo wenye leseni wamepewa nafuu ya Sh10 kwa sentilita, ambayo ingeushusha ushuru wa mtungi hadi Sh1,000, lakini ni lazima kwanza mtu awe na leseni, na leseni huandamana na masharti ya majengo, ukaguzi na stempu ambayo mtungi mmoja hauwezi kuyabeba. Kwa maneno mengine, mtu anayetaka kuuza pombe ya asali kihalali Juja ataidai serikali nafasi ya kulipa kodi inayozidi bei ya malighafi yake, na asipoweza ataitwa mhalifu.

Serikali inajua fika kwamba ushuru unaweza kuvuta watu kutoka kwenye sumu, maana ilikwisha kufanya hivyo. Mwaka 2004, Kenya Breweries ilizindua Senator, bia ya pipa iliyosamehewa ushuru ili iuzwe kwa bei ya mnywaji wa chang'aa. Ikapendwa. Mwaka 2013 msamaha ukapunguzwa, bei ikapanda na mauzo yakaanguka vibaya. Vifo vya Mei 2014 vilitokea miezi michache baadaye. Haiwezi kusemwa kwamba jambo moja lilisababisha jingine, ila Hazina ya Kitaifa ilirejesha sehemu kubwa ya msamaha huo mwaka 2015. Swali linalobaki ni kwa nini nafuu ya kumwokoa maskini kutokana na sumu ipitie kiwanda kimoja cha Ruaraka na si mtungi wa nyumbani.

Mataifa mengine yamelijibu swali hili bila kelele. Uingereza iliondoa sharti la leseni kwa bia ya nyumbani isiyouzwa mwaka 1963. Nchini Marekani, Rais Jimmy Carter alitia saini mwaka 1978 sheria inayoruhusu kaya yenye watu wazima wawili kupika hadi galoni 200 kwa mwaka, takriban lita 757, bila ushuru, mradi isiuzwe. Karibu zaidi na nyumbani, Tanzania iliweka leseni ya pombe za kienyeji katika sheria yake ya vileo ya 1968, na vilabu vinavyouza wanzuki, pombe ya asali ya huko, ni sehemu ya kawaida ya maisha. Ethiopia haijawahi kuona haya kwa teji yake, ambayo badala ya tunda la muratina hutiwa majani ya gesho na kuuzwa katika nyumba zenye jina lake.

Kiambu haihitaji kungoja Bunge la Kitaifa kwa kila kitu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka utoaji wa leseni za vileo mikononi mwa kaunti. Bunge la Kaunti lililoko mjini Kiambu linaweza kuweka daraja la leseni la mpishi mdogo wa pombe iliyochachushwa, lenye ada ndogo, idadi ya lita iliyotajwa na sharti moja lisilo na mjadala: kisiongezwe chochote baada ya kuchacha. Linaweza pia kutaja wazi kwamba mtungi wa ruracio usiouzwa si biashara.

Wanaohoji kwamba sharti hilo haliwezi kukaguliwa wana hoja nzuri kuliko wanaolia utamaduni. Chifu hana njia ya kujua kilichomo mtungini kwa kunusa. Hata hivyo, nguvu ya pombe hupimwa kwa kijiti cha kioo kinachoelea, kabla na baada ya kuchacha, na mtu aliyemaliza kidato cha nne anaweza kufundishwa kukisoma kwa nusu saa. Pombe inayoonyesha nguvu isiyolingana na sukari iliyoingia mtungini imeongezwa kitu. Upimaji wa methanoli huhitaji maabara, na hapa Juja ina bahati ambayo Kangai haikuwa nayo: JKUAT ina wataalamu wa vyakula na wa kemia walio umbali wa kutembea kwa miguu kutoka vijiji vinavyosakwa. Kaunti ikilipia sampuli chache kila wiki kutoka Juja, Ruiru na Makongeni, na kuchapisha matokeo kwa jina la mahali, mnywaji atakuwa na habari ambayo hakuna operesheni iliyowahi kumpa.

Kuna upande wa mfugaji nyuki pia, ambao husahaulika. Mzinga wa kisasa wenye mabanzi ya juu, unaojulikana duniani kwa jina la Kenya, ulitengenezwa humu nchini miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada ili wakulima wa maeneo makavu wapate kipato. Nyanda kavu za migunga kuanzia Juja Farm kuelekea Ol Donyo Sabuk ni za aina hiyo hiyo. Asali chafu yenye masega na vipande vya nta haipati mnunuzi wa duka kuu, lakini kwa pombe inafaa kabisa, na zamani ndiyo iliyotumika. Muratina ikiwa halali, asali hiyo ina soko. Ikiwa haramu, mpishi hununua sukari kwa siri.

Mjadala mpya unakuja. Sera ya kitaifa kuhusu pombe na dawa za kulevya iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza umri wa kuruhusiwa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, pendekezo lililozua kelele nyingi vyuoni, JKUAT ikiwemo. Wazee wa zamani wangeliona ni jepesi mno, kwani wao waliwazuia vijana kwa muda mrefu zaidi. Lakini wao walijua pia ni nani aliyeipika, ni lini aliitia matunda, na asali ilitoka mzinga upi.

Kwa sasa, mzee wa Gatuanyaga anayejiandaa kwenda kumposea mwanawe mwezi Desemba ana njia tatu. Anaweza kununua makreti ya bia, ambayo wakwe watayanywa na kumnong'ona. Anaweza kutafuta leseni ya mtungi mmoja. Au anaweza kumwachia chifu lita mbili, kama baba yake alivyofanya.